Watu Wangapi Katika Kaya Yetu

Shikamoo, dada yangu mpendwa,

Dodoso ulilotuma kwa ajili ya somo lako la uchumi wa maendeleo nimelijaza, ila swali la kwanza lilinitoa jasho. Umeeleza kuwa mwanakaya ni yule anayelala nyumbani angalau siku nne kwa wiki. Wewe hujaja mwaka mzima. Mama naye, tangu apate kazi ya kufua mashuka hospitalini, hulala hukohuko na huja Jumapili tu. Kwa kanuni hiyo, kaya yetu ni mimi.

Nilipomwuliza Mama, alicheka. "We mtoto, usituzike tungali hai! Andika watatu."

Nimeandika watatu. Mwalimu wako akisema ni kosa, njoo likizo hii ulisahihishe mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba