Opereta Asiyekuwemo Melini

Jumamosi, 3 Mei

Sura ya arobaini ya Dola ya Nyota Pacha imetoka mtandaoni! Nimeisoma mara mbili kabla ya kupiga mswaki. Meli Shupavu imezingirwa angani, Fundi Injini amenasa kwenye chumba kinachowaka, Kapteni anapaza sauti, "Washa!" — basi, mwisho. Chini yake Mwandishi ameandika kwamba anapumzika kwa muda usiojulikana. Usiojulikana! Watu wameachwa huko bila hewa, yeye anapumzika.

Nimemsomea Bibi. Alitolewa mtoto wa jicho juzi, na daktari amemkataza simu mpaka apate miwani. Zamani tulikuwa tunasoma pamoja, herufi kubwa kama mabango. Sasa macho ni mimi. Shuleni mwalimu wa fasihi kila siku ananiambia niongeze sauti. Nyumbani nanguruma kama jemadari. Mlango ukiwa umefungwa, lakini.

Habari za mapumziko sikumwambia.

Jumapili, 4 Mei

Nilidhani atasahau. Bibi asahau! Alikuwa opereta wa simu enzi zile za kuchomeka waya kwenye matundu, mpaka alipostaafu. Anasema amesikia mwanzo wa ugomvi wa watu wengi mno, na mwisho hakuwahi kuusikia hata mmoja, maana ilibidi atoe masikio kwenye laini. "Sasa nimestaafu. Nataka miisho."

Nikamwambia sura mpya itatoka Jumamosi. Ulimi hauna mfupa.

Jumamosi, 10 Mei

Hakijatoka kitu. Bibi alishakaa tayari, na ile miwani myeusi ya hospitali, kama mpelelezi. Pembeni yake jirani yetu, fundi cherehani, amekuja na suruali ya kupinda. Nikashika simu. Nikafungua mdomo. Nikasoma sura ya arobaini na moja ambayo haipo duniani.

Katikati nikagundua simu imezima. Nilikuwa nasoma kioo cheusi! Ndani yake nimo mimi na kipele changu cha kidevuni. Bahati nzuri fundi cherehani alikuwa anatunga uzi.

Bibi akanikatiza. "Meli kubwa hivyo, nani anawaunganishia simu?"

"Yupo, Bibi. Anatajwa hapa chini."

Na kweli akatajwa. Opereta: mama mtu mzima, visikizi masikioni, anajua siri za meli nzima na hana hata cheo. Bibi akakaa wima. Fundi cherehani akajichoma sindano.

Fundi Injini naye nimemwokoa. Sikuwa na moyo wa kumuua, nikamtoa kwa mlango ambao jana haukuwepo.

Jumatano, 14 Mei

Nimeshabuni sura nyingine tatu. Nimemwambia Bibi kwamba Mwandishi ameongeza kasi. Wakati huohuo alama zangu za hesabu zimepungua.

Kaka alipita mlangoni nikiwa naiga king'ora cha hatari. Akauliza, we bwana, ukioa utamweleza nini mkeo? Bibi akamjibu, "Mke si ndiye mimi? Nimelalamika?" Tangu nikiwa mdogo huniita mume wangu. Mbele ya kaka inaniua.

Kisha Bibi akasema huyu Mwandishi siku hizi amekomaa. Zamani mabomu tu, sasa watu wake wanaongea. Nilivimba kichwa kama andazi. Halafu nikakumbuka: namwibia mtu nyota zake, namdanganya mgonjwa, na bado nataka sifa!

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimemwacha Opereta pabaya. Waya mzima umebaki mmoja. Tundu hili ni la Kapteni, lile ni la adui anayeomba suluhu. Mkono wake uko hewani. Nikasema, "Itaendelea." Wala si ufundi, niliishiwa.

Bibi amenitupia mto.

Ijumaa, 23 Mei

Balaa limekuja na mwenzake. Kwanza, Mwandishi amerudi. Sura ya arobaini na moja, ya kweli. Fundi Injini amekufa mstari wa tatu. Kapteni ametekwa. Opereta hayupo, hata kiti chake hakipo.

Pili, Bibi amepewa miwani. Mama, aliyempeleka hospitali, anasema njia nzima alikuwa anasoma mabango kwa sauti, hata la wazibua vyoo.

Kesho atasoma mwenyewe. Nikaenda kumwambia ukweli. Nikasimama mlangoni kwake, nimejipanga. Alikuwa anafuta miwani. Akasema, "Wote waliniambia jicho halitauma. Wewe peke yako ulisema hujui. Mume wangu, humu ndani wewe tu ndiye hujanidanganya."

Nikamuuliza kama anataka chai.

Nikampelekea chai. Shujaa wa anga zote!

Jumamosi, 24 Mei

Niko chooni. Nimejikomea, na kwa akili zangu nimekimbia na shajara. Simu anayo Bibi, sebuleni. Namsikia anavyosoma. Kwanza, "Mh." Halafu, "Mh?" Halafu kimya. Kimya hicho nakijua, anasikiliza laini.

Amemwita fundi cherehani. Wamesoma tena, pamoja. Fundi cherehani akasema labda kuna kurasa zimepotea. Bibi akasema kurasa ziko sawa, asiye sawa yuko chooni.

Nyayo. Amegonga. Nimekaa kimya, kana kwamba choo kimejikomea chenyewe.

"Umeniudhi, ujue." Si sauti ya utani. "Umeona sioni, ukanichezea. Hilo tutalizungumza, na litakuwa refu."

Nimesema samahani. Sidhani kama imepita mlangoni.

  Nilidhani ameondoka, kumbe ameegemea ukuta, nasikia bega likikwaruza.

"Ila yule mama. Wiki nzima mkono wake uko hewani, si utakufa ganzi? Anachomeka wapi?"

Sijui! Hata mimi sijui! Na simu iko kwake, sina hata kioo cheusi cha kusomea. Nimeanza: Opereta alitazama matundu mawili… Sauti imetoka ile ya shuleni, ya mbu mgonjwa.

"Ongeza," amesema Bibi. "Na fundi cherehani anasikiliza."

Kiti kinaburutwa. Anakiweka hapo hapo mlangoni.