Jua Lilizama Nikiwa Kazini

Kendu Bay, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na mimi sina raha.

Leo nimekiri dhambi mbele ya chifu, tajiri wangu, mzee wa kanisa na kuku watatu waliokimbia mvua.

Ijumaa iliyopita Bwana Okelo, mwenye duka ninayemwendeshea lori, alinituma Homa Bay kuleta chumvi. Huko wakachelewa kunipakilia. Sasa mimi ni Msabato, tena shemasi na kiongozi wa kwaya. Jua likizama Ijumaa sigusi usukani. Kila mtu hapa anajua, kwa sababu nimewaambia wote.

Basi nikawa nakimbizana na jua. Lilikuwa nyuma yangu, nikawa nalichunga kwenye kioo cha pembeni. Likazama. Nikaendelea kukikodolea macho kioo, labda lingerudi. Nilipotazama mbele, ghala la mtama la Mama Rusalina lilikuwa tayari juu ya boneti.

Mama Rusalina ni mjane. Mtama ule ndio chakula chake mpaka mavuno. Mbuzi walikula, waliposhiba wakaondoka, na mvua ikaozesha uliobaki.

Leo tumeitwa ofisini kwa chifu, ambako picha ya Malkia wa Uingereza imeondoka ukutani na alama yake ya mraba bado ipo. Nilidhani Bwana Okelo atasema nilienda mbio. Wapi! Mkatoliki huyu, ambaye kila Ijumaa huilalamikia dini yangu, leo ameitetea kuliko mchungaji.

"Chifu, huyu ni Msabato kabisa. Jua ikizama hawezi fanya kazi ya mtu. Na jua ilikuwa imezama. Kwa hivyo hiyo haikuwa kazi yangu, alikuwa anaenda kwake na lori yangu. Alipe yeye!"

Mzee wa kanisa, aliyeketi kando yangu, akatikisa kichwa kukubali, amejaa fahari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha nikamtazama Mama Rusalina. Alikuwa amepakata kikapu kitupu.

Mimi ningemjazia nini? Nyimbo?

"Dereva," chifu akaniuliza, "chumvi ilikuwa ya nani?"

"Ya Bwana Okelo."

"Na ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Dukani kwake, chifu. Jua lilikuwa limezama, na mimi nilikuwa bado kazini."

Mzee wa kanisa akachukua Biblia yake akahamia benchi lingine.

Chifu hakukawia. Dereva akitumwa na mwenye gari, akaharibu njiani, anayejibu ni mwenye gari. Bwana Okelo atajenga ghala upya na kulijaza mtama.

Tulipotoka nje Bwana Okelo alinishika bega, hasira zimempanda. "Omera, ndugu yangu, miaka yote unanikatalia Ijumaa. Kumbe hii moja tu ndiyo umeamua kunifanyia kazi!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Jumamosi kwaya itaongozwa na mwingine, na mimi nitaketi benchi la nyuma, la waliokosea. Naliogopa benchi lile. Nimewapeleka wengi huko, kwa makosa madogo kuliko hili, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao alikuwa ametumwa na nani.