Kwa Madaha, Aliyeshinda Bila Kukimbia

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu barabara ya kwetu ikose visigino vyako. Majirani waliozoea kuamshwa navyo, ko, ko, ko, kabla jua halijatoka, siku hizi wanachelewa kazini na lawama wanakupa wewe. Mama anawaambia wanunue saa.

Ulilala mzima, moyo ukasimama. Asubuhi Mama alijua kabla hajakugusa, maana miguu yako ilikuwa imetulia, na hiyo haikuwa desturi yake hata usingizini. Siku ya mazishi dereva wa gari lililokubeba alikuwa na haraka zake. Mama akagonga kioo kwa ngumi. "Punguza mwendo, mwanangu. Huyu hakukimbia akiwa hai, hatakimbizwa leo." Dereva akapunguza, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Tulikuzika hivyo, machozi na kicheko vikiwa vimechanganyika, na hatuoni haya kusema.

Tunakuandikia wewe, ila tunajua wengine watasoma. Na wasome. Wako ambao tunataka hasa wasome.

Wasiokujua waambiwe kwamba ulikuwa bingwa wa kutembea kwa kasi. Mchezo huo una sheria mbili ulizotukaririsha kabla hatujajua kusoma: mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote, na mguu unaotua mbele lazima uwe umenyooka gotini. Mtu akizishika hizo mbili na bado akataka kumpita mwenzake, kiuno kitacheza apende asipende. Ndiyo maana mtaa ulikuita Madaha. Walidhani wamekutukana. Wewe ukalipokea jina kama mtu aliyepewa koti la saizi yake, ukalivaa mpaka wao wenyewe wakasahau lile ulilopewa na wazazi.

Kuna waliokuwa wakikutupia methali kutoka vibarazani. "Mwenda pole hajikwai, Madaha!" Uliwajibu bila kusimama, "Nani anaenda pole? Nifuate!" Hatukumbuki aliyekufuata akafika kona.

Mama mwenyewe alianza kwa kukucheka, na anapenda tuliseme hilo. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, kijana akaingia na bukta iliyopasuka mshono wa pembeni. Wiki iliyofuata akarudi na bukta ileile, imepasuka palepale. Mama akaigeuza, akaitazama, akakutazama. "Kaka, unafanya kazi gani inayopasua nguo hapa?" Ukamwonyesha. Ulitembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kukatia, ukageuka, ukarudi, na Mama akacheka mpaka akajichoma sindano. Kisha akakushonea bukta mpya, akaongeza kitambaa cha pembetatu kila upande ili kiuno kipate nafasi. Kwa bukta hiyo ulishinda ubingwa wa nchi. Kwa bukta hiyo ulikwenda kushindana ng'ambo, ukarudi na medali shingoni, ukampa Mama aivae yeye. Aliivaa siku nzima akiwa anashona, na wateja wakaogopa kuuliza bei.

Kesho yake ulikuwa kazini. Ulikuwa fundi rangi, na ubingwa haukubadilisha hilo. Ulibeba ngazi begani na kopo mkononi, ukatembea mwendo wako uleule, na rangi haikumwagika. Mvua ikikukuta njiani hukukimbia. Mbwa wa jirani alikufukuza mara moja tu. Alipoona unazidi kwenda na hutimui mbio, alisimama akajiona mjinga, na tangu siku hiyo alikuwa akikusindikiza. Sisi watoto tulikuwa tukiona aibu shuleni, Baba, hilo pia tulikwambia ukiwa hai. Ulituambia aibu ni ya mtu aliyekimbia pale alipotakiwa kutembea. Tulikuja kukuelewa tulipokua.

Ulikuwa na huruma ya kimyakimya. Mjane aliyekuwa hana uwezo wa kupaka nyumba alikuta mlango wake umepakwa, na ukiulizwa ulisema rangi ilibaki ikawa inakauka bure. Uliwafundisha vijana kazi bila kuwafokea. Neno moja tu ulilirudia mpaka wakakuigiza mbele yako: "Piga msasa kwanza!" Ukuta wenye rangi ya mafuta, uliwaambia, usiupake rangi ya maji kabla ya kuukwangua. Haitakamata. Itakaa kwa adabu mpaka mvua ya kwanza.

Sasa tufike kwenye ukuta.

Kule uwanjani, upande wa lango kubwa, kuna ukuta wa mabingwa. Majina yote yaliyokuwa pale uliyaandika wewe, kwa brashi, kwa rangi nyeusi ya mafuta, mwaka baada ya mwaka. Uliandika wakimbiaji, warukaji, mrusha mkuki. Uliandika jina la Risasi, mkimbiaji wa mita mia, herufi zikalala mbele kidogo kama zinaondoka. La kwako hukutaka kuliandika. Ni yule mama wa miruko mirefu, bingwa kabla yako, aliyekunyang'anya kopo, akampa mwanao alishike, akaapa kwamba hutoki pale mpaka ulipake. Ukaandika chini, pembeni: MADAHA. KUTEMBEA. Ukasema panatosha.

Mwaka huu, ukiwa hujamaliza hata miezi sita kaburini, uwanja ulifanyiwa ukarabati. Ukuta ukapakwa rangi nyeupe kuanzia juu hadi chini. Majina yakarudishwa kwenye vibao vya bati vinavyong'aa. La kwako halikurudi. Pale ulipokuwa pakabaki peupe.

Mama hakulia. Alifunga cherehani, akavaa kitenge chake cha safari, akamchukua binti yako mkubwa ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu hospitalini na sare yake ya uuguzi mwilini. Wakaenda kumwona mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ni nani? Risasi. Yuleyule. Tumbo limemtangulia siku hizi, lakini sauti ni ileile.

"Karibu, Mama. Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Jina la mume wangu liko wapi?"

Risasi akajikohoza. Akasema nafasi ni ndogo. Mama akamwambia nafasi ipo, imeachwa nyeupe. Akasema kamati imeamua ukuta uwe wa riadha yenyewe, ya kukimbia na kuruka. Kisha akatabasamu, na hapo ndipo alipoharibu. "Mama, tusidanganyane. Marehemu alikuwa mtu mwema sana. Lakini kutembea? Hata mimi natembea."

"Basi tembea," Mama akasema.

"Unasemaje?"

"Uwanja uko hapo nje. Zunguka mara moja tu na binti yangu. Yeye atembee, wewe utembee. Ukimshinda, mimi nanyamaza, hunioni tena mpaka nife. Akikushinda, jina linarudi."

Binti yako alikuwa hajala wala hajalala. Alimtazama Mama kwa jicho la "umeniuza." Lakini alitambua kilichokuwa mezani. Mama akitoa neno halirudishi, na Risasi akishinda, jina lako lingebaki chini ya ile rangi nyeupe na hakuna mtu wa kwetu ambaye angeruhusiwa kulidai. Akakaza kamba za viatu vyake vya kazini.

Mtunza nyasi akaitwa awe shahidi. Mama akawa mwamuzi, na kwa kuwa hakuwa na kibao cha mwamuzi cha kumtoa anayekimbia, alitoa mkobani kipande cha kitambaa chekundu alichobakiza kwenye gauni la mtu. Wakaanza. Risasi alianza kwa kucheka na kupunga mkono. Kwenye kona ya kwanza alikuwa bado mbele. Upande wa pili kicheko kikaisha. Binti yako alikuwa ameachia kiuno, Baba. Mtu mzima, muuguzi, mama wa watoto, kiuno kinakwenda huku na huku mchana kweupe, na kisigino kinalia ko, ko, ko. Mama alifumba macho kidogo kusikiliza, kisha akakumbuka kuwa yeye ni mwamuzi akayafumbua.

Kona ya mwisho binti akampita. Risasi alijaribu kumfuata, akajaribu tena, halafu damu ya mita mia ikamshinda akatimka mbio.

"Miguu yote hewani, Mwenyekiti!" mtunza nyasi alipiga kelele, akakaa kwenye toroli lake kwa kicheko.

Mama akainua kitambaa chekundu. "Umekimbia, baba."

Risasi alisimama ameshika magoti, jasho linadondoka. Alipopata pumzi alisema, "Aisee. Huyu mtu alikuwa akifanya hivi kilomita ishirini?" Akampa Mama mkono mbele ya shahidi. Akaahidi. Mama alirudi nyumbani akakuambia habari zote, akiielekea picha yako juu ya kabati, na jioni hiyo tulikula kwa furaha.

Jina halikurudi. Kamati ilikaa, na jibu likaja kwa mdomo wa karani: ukuta ni wa wakimbiaji na warukaji, familia iwe na subira. Risasi hakupokea simu. Tulikasirika, Baba, na bado tumekasirika. Asiyekujua hakuthamini, tunakubali, lakini huyu alikujua. Jina lake aliandikiwa na mkono wako. Mwanao alitaka kwenda kung'oa kile kibao chake cha bati. Mama akamkataza. "Baba yako hakumwangusha mtu ili apite. Aliye juu mngoje chini."

Hatukungoja sana.

Mvua zilianza. Mtunza nyasi ndiye aliyekuja kutuita, ameloa, akisema tu "Njooni." Tukaenda wote. Pale peupe, rangi ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande, inaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Na chini yake, nyeusi, nzima, haikupungua hata mkia wa herufi, MADAHA. KUTEMBEA. Walipaka rangi ya maji juu ya rangi yako ya mafuta. Hawakupiga msasa kwanza.

Mama alisimama kwenye mvua akaligusa jina herufi moja moja. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, na tulimwacha alie, kisha akajifuta na ncha ya kitenge akasema, "Mnamwona alivyo mkaidi?"

Kamati ikataka kulikwangua. Wakatafuta fundi. Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa mwanao, fundi rangi kama wewe, maana waliompigia hawakujua ni mtoto wa nani. Akauliza ni kazi ya kukwangua nini. Wakamtajia. "Bosi," akasema, "hilo jina lilipoandikwa, kopo nilishika mimi. Tafuta mwingine." Wakatafuta. Huyu ana safari, yule anaumwa mgongo, mwingine ngazi yake imevunjika, mwingine hakutafuta hata uongo, alikata simu. Fundi gani wa mji huu atakukwangua wewe? Wote wamekula ugali wa kazi uliyowafundisha.

Kwa hiyo uko pale. Wakipaka tena rangi ya maji, mvua zinajua njia. Wakitaka msasa, waushike kwa mikono yao wenyewe, mchana, watu wakiwatazama. Mama amepeleka kigoda chake na hushona mapindo pale kivulini siku zisizo na wateja, na kila anayepita akiuliza Madaha ni nani, huambiwa. Tumesikia watoto wa mtaani wameanza kushindana kutembea mbele ya lango. Wanagombana kweli juu ya nani aliinua miguu yote miwili.

Hatuombi tena kibao cha bati. Kibao wakae nacho.

Jumapili hii, asubuhi, tutatoka nyumbani kwako mpaka ukutani, kwa mwendo wako. Mama atakuwa mbele, magoti yake yakikubali na yasipokubali. Bukta na suruali zote zimeongezwa pembetatu. Mnaotaka kuja, karibuni. Mnaotaka kucheka, karibuni pia, yeye alizoea, na kutembea bure si sawa na kukaa bure. Risasi, na wewe karibu. Jina lako alilipenda, alilala kifudifudi kwenye jukwaa la mafundi kulimaliza. Ila ukija, utembee.

Tunaokukumbuka ni mkeo, fundi wa bukta zako; binti yako muuguzi, aliyekulipia deni bila kuinua miguu yote miwili; mwanao fundi rangi, mwenye brashi zako, na mkeo wa utani, yaani mke wake, aliyekuwa akikufichia viatu ili ukae kidogo; dada yako, ambaye anadai ndiye aliyekufundisha kutembea ukiwa na mwaka mmoja na hajapewa medali; wajukuu zako wote wenye visigino; mama wa miruko mirefu; mtunza nyasi; na mafundi wa mji mzima.

Lala, Baba. Miguu chini. Sisi tutakukumbuka daima, na watakaokusahau tutawakumbusha.