Tfu Tatu Begani

Kassel, 14 Oktoba

Dada Walburga,

Mtufaha umezaa mpaka majirani wakiniona na kikapu wananikimbia. Koti langu la jukwaani halifungi tena tumboni. Cheka tu.

Unakumbuka usiku wangu wa kwanza kwenye opera, mwimbaji mpya wa sauti ya teno? Irmtraud, wakati huo fundi wa mavazi tu, alinitemea tfu tatu juu ya bega la kushoto kunitakia heri. Nami, mtoto wa mchungaji, nikajibu, "Asante."

"We mjinga! Hapa hatushukuru! Unajiletea nuksi!"

Kweli, kwenye noti ya juu sauti ikanikatika. Nikamwoa yeye, na kwa miaka thelathini na moja alinitemea mlangoni kila nilipokwenda kuimba. Sikumshukuru hata mara moja, nikapigiwa makofi hadi Vienna.

Jumanne hospitalini, walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupasuliwa, nilimwinamia begani: tfu, tfu, tfu. Nesi akakunja uso. Irmtraud akanishika kidole, akatabasamu.

"Asante, Gotthold."

Njoo mapema, dada. Mazishi ni Ijumaa. Wananiomba niimbe, na sina wa kunitemea begani.

Mdogo wako,
Gotthold