Swali la Tarehe Ishirini

Duluth, 15 Januari 1983

Mume wangu Verlyn (ah, acha niandike tena: mume wangu!),

Hujambo mpenzi? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila kutulia siwezi. Leo ni siku ya ishirini tangu tufunge ndoa na ya tisa tangu basi likuchukue, na vikombe vya harusi nimeshavipanga upya mara nne. Simu ya koridoni siitaki, maana Bi Halvorsen mwenye nyumba hufungua mlango wake kila nikisema "mpenzi." Bora tuandikiane.

Mama anauliza unafanya nini huko Minot. Nikamwambia, "Anaiwekea hospitali programu." Akasema, "Basi aiweke, arudi!" Nieleze vizuri nimjibu.

Busu mia,
Mkeo, Lynette

Minot, 20 Januari 1983

Mke wangu Lynette,

Habari za huko? Kifua kimepona. Shikamoo zangu zimfikie Mama.

Mwambie hivi. Hospitali ina kompyuta moja kubwa, na kila wodi ina terminali yake, yaani skrini na kibodi. Zilinunuliwa mnadani, kila moja ya aina yake: hii inajua kukoza herufi, ile inajua kufuta skrini tu. Kwa hiyo programu yangu, kabla ya kuandika chochote, huiuliza terminali: wewe ni nani, unaweza nini? Husubiri sekunde moja. Isipojibiwa, huichukua kama mashine isiyojua kitu na kuendelea na kazi.

Lakini kwenye wodi ya wazazi, iliyo jengo la ng'ambo na waya wake wa polepole, majina ya wagonjwa yanaanza na mabano na alama za ajabu. Leo Nesi Orpha kaniita mbele ya watu: "Kijana, huyu mama anaitwa Hilda. Hii alama ya kuuliza kapewa na nani, wewe?"

"Naishughulikia, dada."

"Fanya haraka, mtoto asije akairithi!"

Sasa, mpenzi, swali langu. Wananitaka mwaka mzima. Utakuja tuishi huku? Nijibu kabla ya tarehe 30. Nisipopata kitu nitajua huwezi kumwacha Mama, nami nitachukua chumba cha kitanda kimoja.

Mumeo, Verlyn

Minot, 31 Januari 1983

Mke wangu,

U hali gani? Kila mchana nakwenda posta, narudi mikono mitupu. Jana nimechukua chumba cha kitanda kimoja. Sikulaumu. Ila chakula hakipiti, na Orpha bado ananifokea. Niambie ukweli tu: unajuta kuolewa nami?

Mumeo

(Kadi ya posta, haina tarehe)

Ndiyo! Ndiyo mara elfu! Moyo unaruka, hata kitini hapakaliki!

Lynette

Minot, 4 Februari 1983

Lynette,

Kadi yako nimeipata leo. Sikujua mtu anaweza kujuta kwa furaha namna hiyo. Sitakusumbua tena.

Verlyn

Duluth, 9 Februari 1983

Mume wangu, mjinga wangu, mpenzi wangu,

Salamu baadaye! Kadi ile niliituma tarehe 24, siku ileile barua yako iliponifikia! Theluji ilifunga barabara, mifuko ya posta ikalala Fargo wiki nzima. Lilikuwa jibu la "Utakuja?" Nawe ukalisoma kama jibu la "Unajuta?" Kosa langu pia; kwa furaha nilisahau tarehe.

Nimelia, nimecheka, kisha nikamkumbuka Hilda. Verlyn, zile alama kwenye jina lake, si ndilo jibu la terminali? Programu yako imechoka kusubiri, imeshauliza jina la mgonjwa, ndipo jibu la swali la kwanza linafika kupitia ule waya wa polepole. Nayo inalipokea kama jina! Umefanya vilevile kwa kadi yangu. Hakuna nesi anayeanza jina kwa mabano na alama ya kuuliza. Ifundishe kulitambua jibu hilo wakati wowote litakapofika, iliweke mahali pake.

Nami naandika wazi usikosee. Swali la tarehe 20: ndiyo, nakuja, Mama ameshanifungia sanduku. Basi ni Jumamosi ya tarehe 19. Swali la tarehe 31: hapana, hata kwa sekunde moja.

Mkeo, mkeo, mkeo,
Lynette

Minot, 15 Februari 1983

Mke wangu,

Nisamehe. Hujambo? Mimi sijambo sana.

Leo terminali ya wodi ya wazazi imejibu baada ya sekunde tatu. Programu imelitambua jibu, na jina la Hilda, aliyerudi leo na uchungu, limebaki Hilda. Amejifungua binti. Orpha alikagua skrini, kisha akanigeukia: "Huyu kazaliwa safi. Nenda kale."

Nimekula sahani mbili. Chumba nimebadilisha.

Jumamosi nitakuwa kituoni tangu asubuhi. Barabara bado ina barafu, basi linaweza kuchelewa. Lichelewe tu. Safari hii sikupangii muda.

Mumeo, Verlyn