Majani ya Maduhu

Jumatatu, 11 Julai 1949
Vumbi darasani mpaka kwenye ulimi. Nimefundisha kuzidisha. Watoto wanasinzia kwa njaa, sikumchapa mtu.

Jioni mwanangwa Bujiku, mkuu wa kijiji chetu, kapita na wanawe. Hakushuka kwenye baiskeli, kaweka mguu mmoja chini tu. Kasema, mwalimu, ng'ombe wangu watakufa. Nikasema wa kila mtu watakufa. Akacheka, akasema wake ni wengi zaidi. Kweli ni wengi. Tangu Mwadui waanze kununua nyama ya kulisha wachimba almasi, kila anachopata anakirudisha kwenye ng'ombe. Sasa anaitaka ngitili ya jirani yetu Maduhu, malisho aliyoyatunzia kiangazi. Hakuficha.

Ngitili hiyo inapakana na yetu, korongo tu katikati. Majani Maduhu aliyafunga tangu mvua ziishe, sasa ni ya njano, yanafika magotini, hata mbuzi hajayagusa. Mwenyewe yuko Geita, anachimba dhahabu ya Wazungu. Kamwachia mkewe, Mama Ngassa, ayalinde. Kuingiza mifugo kwenye ngitili ya mtu kabla mwenyewe hajaifungua – kwetu ni kama kuingia chumbani kwake. Hata mwanangwa hathubutu. Ndiyo maana Bujiku anataka kikao cha wazee kimpe.

Mama yangu kauliza Bujiku alifuata nini. Nimesema salamu tu.

Jumatano, 13 Julai
Kikao uani kwa Bujiku. Pombe ya mtama tele – mwaka wa njaa, pombe! Wazee wanakunywa, wameinamisha vichwa. Mmoja alisema Maduhu angojewe, mali ni yake. Wana wa Bujiku walisimama nyuma yetu na fimbo, wanakohoa. Mwingine akasema tukatae, kama ni vita na iwe vita. Kisha wakanigeukia mimi. Wewe ulikwenda Burma, vita unaijua. Sema.

Nikasema mpeni.

Nilitoa sababu. Ng'ombe wake ni wengi kweli, hilo hakulizua. Maduhu anao wachache, watapata pa kula. Majani si kichwa cha mtu. Tukipata utulivu mpaka mvua, huenda mambo yakapoa yenyewe. Niliyasema vizuri, kwa sauti ya darasani. Sababu yenyewe sikuitaja: nimechoka. Nikisikia neno vita masikio yanaziba, nabaki kuona midomo ya watu tu inavyokwenda.

Bujiku akaapa. Mpaka ni korongo, hatavuka, hili ndilo la mwisho. Akanywa kwenye kata, akanipa ninywe. Nikanywa. Tamu.

Hakuna aliyemwita Mama Ngassa. Alikuwa kwake, angeitwa angesikia.

Alhamisi, 14 Julai
Ng'ombe wa Bujiku wameingia asubuhi. Mama Ngassa kaja shuleni anakimbia, khanga inaburuta. Mwalimu, waambie watoke! Nikamwambia ni uamuzi wa kikao. Kikao gani? Mbona sikuitwa? Nikasema tumezuia vita. Akasema, sawa, na Baba Ngassa akirudi nimwambie nini. Nikasema mwambie hivyo hivyo, tumezuia vita.

Hakulia. Karudi kwao polepole, nami nikarudi kwenye hesabu. Sikusikia kitu, si aibu, si nini. Nimekula michembe ya viazi, nimelala.

Jumapili, 17 Julai
Telesphori karudi kutoka likizo, kwao Ushirombo. Mwalimu mwenzangu, mtu wa misa na magazeti. Nimemsimulia, nikidhani atanisifu. Aka! Kasema mmefanya yale ya Wazungu wa mwaka thelathini na nane.

Nayajua kwa juu juu, yeye kanielezea yote. Hitla alidai kipande cha nchi ya Wacheki. Wakubwa wakakaa naye mezani, wakampa, wenye nchi wakiwekwa hotelini kungoja kuambiwa. Naye aliapa kwamba hana dai jingine. Waziri mkuu wa Waingereza akashuka kwenye ndege anapunga karatasi, watu wakamshangilia barabarani.

Nikakasirika. Kidogo tu, lakini ni mara ya kwanza tangu Pasaka. Nikamwambia wale walioshangilia walikuwa na haki. Nani anataka kumzika mwanawe kwa ajili ya majani ya jirani? Na walipata mwaka mzima. Wewe mwenyewe husema Waingereza hawakuwa na ndege za kutosha, mwaka ule ukawafaa. Kasema ndiyo, na Hitla naye alipata mwaka huo huo. Na viwanda vya Wacheki vya kufulia mizinga, bure, juu yake. Vita ilikuja tu, Kalisti, ila ilikuja imenenepa.

Nikamwambia unaitaja vita kama mji ambao hujafika. Ni mtu mwema, na muhogo tuliula pamoja.

Mchana nimelala chali nikiwaza. Ukimpa, huenda akatosheka. Wapo wanaotosheka, nimewaona. Usipompa, anakufa mtu wiki hii, na mtu huyo namjua jina, namjua na mama yake. Atakayekufa baadaye kwa sababu ulimpa, huyo simjui. Labda udanganyifu uko hapo. Yule wa baadaye hana uso, ni rahisi kumtoa.

Halafu nikalala kweli. Mimi siku hizi nalala sana.

Ijumaa, 29 Julai
Ng'ombe wa Bujiku manyoya yanang'aa. Wanawe nao, wanakunywa maziwa kama ndama, mabega yamewajaa. Ng'ombe wawili wa Maduhu wamekufa. Mama Ngassa kachuna ngozi mwenyewe.

Bujiku katuletea paja la mbuzi. Kwa mwalimu mwenye busara, ndivyo mletaji alivyoagizwa aseme. Mama kauliza la nini. Nikasema shukrani. Shukrani ya nini? Hakuligusa. Nimelipika mwenyewe, nikaweka chumvi nyingi mno.

Alhamisi, 4 Agosti
Maduhu karudi. Kaja kwangu moja kwa moja, vumbi la Geita bado kwenye nyusi, blanketi jipya begani. Tulichunga pamoja tukiwa wadogo. Nikamletea maji. Kanywa yote, kaniuliza ulikuwepo kikaoni. Nilikuwepo. Ulisema nini?

Ningeweza kuzungusha. Nikamwambia: nilisema wampe.

Kaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichonunua. Nikaanza kumweleza habari ya vita, na mvua, na kwamba yeye hana ng'ombe wengi. Kasema, Kalisti, basi. Kasema mikuki ya baba anayo bado, na kaka zake wawili wako Kahama, wangeitwa wangekuja. Wangesimama wote, na mimi wa nne upande wa huku wa korongo, Bujiku asingeleta hata ndama. Anamjua, walicheza naye ngoma, ni mtu wa kutishia. Wewe ulimwogopa nani?

Nikasema sikumwogopa. Hilo ni kweli! Sikumwogopa. Sikuwa na chochote ndani, hata hofu. Sijui kama hilo ni afadhali.

Kashukuru kwa maji, kaondoka.

Jumamosi, 13 Agosti
Maduhu kahama. Anarudi Geita na mkewe, watoto, ng'ombe wanne waliobaki, mbuzi. Nimesaidia kufunga mizigo. Hakunikataza. Mama Ngassa kampa mama yangu chungu chake kikubwa, maana hakibebeki. Mama zetu na wake zetu ndivyo wanavyoagana huku, kwa vyombo. Wameshikana mikono muda mrefu. Mimi sikupewa mkono, na sikuudai.

Telesphori kasema, basi hilo ndilo lililokuwa jeshi lako, limekwenda na kuku wake. Nikamwambia aniache na Wacheki wake. Kasema hakuwataja.

Jioni ng'ombe wa Bujiku wamevuka korongo. Wameingia kwetu mpaka kwenye kichuguu. Nimekwenda, nimewatoa. Kijana wa Bujiku kasema samahani mwalimu, nilipitiwa na usingizi. Alikuwa macho makavu kabisa.

Majani yetu yakienda, ng'ombe wa mama hawafiki Novemba. Hao ndio alioachiwa na marehemu baba. Anawaita kwa majina. Mshahara wangu unanunua chumvi, mafuta ya taa na chaki ambayo idara haileti. Bila maziwa ya hao ng'ombe, mama anakula nini? Nimejiuliza, nikangoja niumie. Kuna kitu kilisogea, chini huko. Kidogo.

Jumatatu, 22 Agosti
Tarishi wa Bujiku kaja shuleni. Kesho mchana kuna kikao. Wazee watazungumzia majani ya upande wetu. Mwanangwa anasema mwalimu asijisumbue, ana darasa.

Nimeuliza, mwezi uliopita si aliapa hatavuka korongo? Tarishi kaangalia chini. Kasema yeye ni mtu wa kutumwa.

Nimepita kwa yule mzee aliyetaka Maduhu angojewe. Shikamoo. Marahaba. Kasema miguu inamsumbua, kesho hatakwenda. Yule mwingine, aliyesema na iwe vita, nimemkuta anakula. Kaninawisha, kanikaribisha ugali. Kasema, mwalimu, sisi tulikusikiliza wewe. Ulisema majani si kichwa cha mtu. Alisema bila ubaya, ugali mdomoni.

Nimekula tonge mbili.

Jumanne, 23 Agosti
Sikwenda shule. Telesphori kachukua madarasa yote mawili. Kasema nenda, hata kama ni peke yako, ukasimame tu pale wakuone. Nikamwambia peke yangu nitapigwa. Kasema inawezekana.

Saa sita imepita. Kutoka hapa mlangoni naona wanavyoingia kwa Bujiku mmoja mmoja.

Nimepima tena. Nikimpa nusu ya majani, leo hakuna wa kuumia, na ng'ombe wa mama watabaki labda watatu. Nikikataa, ni fimbo, na nyuma yangu hakuna mtu. Mwezi uliopita tungekuwa wanne. Hesabu hiyo hata darasa la pili wanaiweza.

Mama alikuwa amekaa jikoni anasikiliza kimya changu. Kauliza: Kalisti, kule Burma ulikuwa unamlinda nani?

Nikasema sijui, mayu. Tuliambiwa.

Kasema, haya. Kainuka, kajifunga khanga kiunoni, kachukua kigoda chake cha jikoni. Mayu, kule wanawake hawakai! Kasema ndiyo maana anakwenda na kigoda chake.

Nilisema ngoja. Kweli nilisema. Nilisema ngoja nivae viatu.

Hakungoja. Namwona njiani, kigoda kichwani, anapita kwenye minyaa, hatua zake fupi za mtu mwenye goti bovu. Wana wa Bujiku wametoka kusimama getini. Mmoja ana fimbo. Mwandiko umeharibika. Nimevaa kiatu cha kulia. Cha kushoto nimekishika, kamba zimefungana na hazitaki