Daftari la Mlangoni, Uchaguzi wa Ushirika wa Alizeti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Haneti, Dodoma Vijijini
Tarehe 3/8/1999, saa 3:20 asubuhi

Jina: Loisi Ndahani
Umri: Miaka 31
Dini: Mkristo
Kazi: Karani wa ushirika wa wakulima wa alizeti
Makazi: Haneti, jirani na ghala la ushirika

Nimeonywa niseme kweli. Nitasema niliyoyaona na niliyoyafanya mwenyewe.

Mnamo tarehe 17/7/1999, siku ya Jumamosi, ushirika wetu ulichagua mwenyekiti. Wagombea walikuwa wawili: Mzee Eliakimu Mlewa, mwenyekiti tangu mwaka 1991, na Bi. Hana Msagala, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Uchaguzi uliopita karatasi za kura zilizidi idadi ya watu, wakapigana. Safari hii ililetwa kompyuta kutoka mjini pamoja na fundi wake, Taufiq. Iliwekwa ghalani nyuma ya pazia, ikitumia umeme wa jenereta. Vitufe vyote vilifunikwa kwa kadibodi isipokuwa viwili. Chenye utepe wa kijani kilikuwa cha Mzee Eliakimu, chenye utepe mwekundu cha Bi. Hana.

Mimi nilikaa mlangoni na daftari. Kila aliyeingia niliandika jina lake na saa. Taufiq ndiye aliyeniagiza hivyo, ili mtu asiingie mara mbili. Asubuhi ile alichukua saa yangu ya mkononi akailinganisha na ya kompyuta. Sikujiuliza kwa nini. Nimeulizwa na Koplo kama Taufiq alijua litakalotokea. Sijui.

Saa 5:12 asubuhi alifika Mama Paskazia. Ni mjane wa kaka yake Mzee Eliakimu, na nyumba yake ilikuwa ndani ya uwanja wa shemeji yake huyo. Nilimwamkia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mashine itamsema. Nilimjibu, "Hapana, mama. Ukishatoka haikujui." Akaingia.

Mzee Eliakimu alishinda kwa kura 83 dhidi ya 31. Hakuna aliyepigana. Tulirudi nyumbani tumefurahi.

Jumatatu tarehe 19/7, saa 4 asubuhi, Mzee Eliakimu alikuja ofisini na karatasi ndefu iliyochapwa na kompyuta. Haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa na saa tu, na mbele ya kila saa neno KIJANI au NYEKUNDU. Aliniambia nimsomee daftari, jina na saa, naye afuatishe. Nilidhani anahakiki idadi. Nilipofika kama jina la ishirini niliona baadhi ya majina anayaandika pembeni na mengine anayaacha. Nikaelewa, nikaacha kusoma. Hakuinua uso. Alisema, "Endelea, Loisi."

Nikaendelea. Hakunitisha wala hakunishika. Niliogopa kupoteza kazi. Mama Paskazia alikuwa wa sitini na tatu. Nililiona jina lake tangu nilipofungua ukurasa ule, na ningeweza kuliruka. Nililisoma, na saa yake nikaisoma. Akaliandika.

Jumatano tarehe 21/7, saa 8 mchana, vibarua wanne wa Mzee Eliakimu waliezua mabati yote ya nyumba ya Mama Paskazia, wakaacha kuta. Mzee Eliakimu mwenyewe alisimama pale. Nilimsikia akisema kwamba asiyemtaka mwenye uwanja hana haja na paa lake. Majirani walikuwepo wengi na hakuna aliyesogea. Nadhani kila mmoja alikuwa akiwaza jina lake.

Nilimwendea Mama Paskazia siku hiyo na siku zilizofuata. Alikaa mle mle, kitanda kikiwa kimesogezwa ukutani, na upepo wa Julai mnaujua. Nilimwomba aje kwangu, akakataa. Tarehe 24/7 nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesoma. Akasema, "Nilidhani ni mashine."

Hakunisemesha tena. Alifariki tarehe 29/7 kwa kichomi.

Tangu hapo nikiandika saa popote, hata kwenye stakabadhi ya magunia, nasikia sauti yangu ikisoma jina linalofuata. Kisimani watu wakiniona wanaacha kutajana majina.

Mzee Eliakimu anasema aliezua ili akarabati. Najua polisi mnahitaji daftari mlilinganishe na karatasi yake ya kompyuta, ili muonyeshe sababu. Nimeleta mstari mmoja tu, wa sitini na tatu. Kurasa nyingine zote nimezichoma leo jikoni kwangu kabla ya kuja. Majina thelathini mengine aliyoyaandika Mzee sasa ni maneno yake tu, na kila mtu anaweza kuyakana. Mama Paskazia hawezi tena. Kitufe nilichobonyeza mimi sitakisema, hata hapa.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maneno haya na ni yangu.

(Saini) L. Ndahani

Mimi Koplo Anthony nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Nimepokea kipande kimoja cha karatasi ya daftari. Nimemweleza shahidi kuwa kuharibu kielelezo ni kosa na kwamba atafunguliwa jalada. Amesema alilijua hilo kabla hajawasha kiberiti.

Naomba shauri hili apewe askari mwingine. Mama yangu mzazi ni mwanachama wa ushirika huo na alipiga kura siku hiyo. Sikumuuliza shahidi juu ya mstari wa mama.